Kiswahili kilipopiga hodi Hollywood: usiku mmoja wa kazi ya Quincy Jones

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Januari 1985, ndani ya studio za A&M, barabara ya La Brea, Hollywood, waimbaji zaidi ya 40 walikuwa wamesimama kwenye majukwaa ya ngazi wakibishana juu ya Kiswahili. Walikuwepo Michael Jackson, Diana Ross, Tina Turner, Bruce Springsteen, Bob Dylan, Willie Nelson. Stevie Wonder alikuwa ametoa wazo kwamba sehemu ya wimbo iimbwe kwa lugha yetu, maana wimbo wenyewe ulikuwa wa kuwachangia Waafrika wenye njaa. Ray Charles akalalamika kwamba usiku umekwenda mno na hata Kiingereza chenyewe kinawashinda. Waylon Jennings, mwimbaji wa country kutoka Texas, akafungua mlango akatoka. Bob Geldof, Muairishi aliyekuwa amekwenda Ethiopia kuiona njaa kwa macho yake, akawakumbusha kwamba Waethiopia hawasemi Kiswahili.

Wengi hukisimulia kisa hiki kwa kucheka kisha wakapita. Mimi nimeshindwa kupita. Lugha inayobishaniwa ndiyo niliyonyonya nayo, na kazi inayofanyika mle ndani naifahamu kidogo, kwa kuwa nimefundisha kwaya miaka mingi na nimeingia studio na watu 30 wenye sauti nzuri na hasira za karibu. Najua chumba kinavyoweza kuharibika. Chumba kile kilikuwa na kila sababu ya kuharibika, lakini asubuhi kilitoa wimbo. Aliyekishika alikuwa mtayarishaji Quincy Jones, wakati ule mwenye umri wa miaka 51.

Wimbo ni "We Are the World", na Quincy hakuuandika. Waliouandika ni Michael Jackson na Lionel Richie. Hakuimba hata mstari mmoja, wala hakupiga ala. Kinanda kilipigwa na Greg Phillinganes, besi na Louis Johnson, ngoma na John Robinson, na sehemu hiyo ilirekodiwa siku chache kabla, katika studio ya Lion Share. Sauti zilipangwa pamoja na Tom Bahler. Fundi mitambo alikuwa Humberto Gatica. Sasa Quincy alifanya nini hasa?

Kwetu tukisema prodyuza, mawazo yanakwenda moja kwa moja kwa mtu wa biti, kijana aliyejifungia na kompyuta yake, msanii akija anakuta biti iko tayari, anaingiza sauti, anaondoka. Sina dharau na kazi hiyo, imetulisha muziki mzuri kwa zaidi ya miaka 20. Ila imetufanya tusahau kwamba utayarishaji, tangu zamani, ni kazi ya kuongoza watu kabla ya kuwa kazi ya kuongoza mitambo. Kisa cha usiku ule kinalionyesha hilo waziwazi kuliko chochote kingine ninachokijua.

Quincy alizaliwa Chicago tarehe 14 Machi 1933, akakulia jimbo la Washington, kwanza Bremerton kisha Seattle. Huko Seattle, akiwa na miaka 14 hivi, alikutana na kijana kipofu aliyemzidi miaka kama miwili, mpiga piano aliyetoka Florida, akawa rafiki yake na mwalimu wake wa mambo ya kupanga ala. Kijana yule ni Ray Charles. Shika hilo, tutalirudia.

Alipiga tarumbeta katika bendi ya Lionel Hampton, akazunguka na Dizzy Gillespie mwaka 1956, akaenda Paris mwaka 1957 kusoma utunzi kwa Nadia Boulanger huku akifanya kazi na kampuni ya santuri ya Barclay. Kilichomfinyanga zaidi, kwa maoni yangu, ni mkasa wa mwaka 1960. Alikuwa na bendi yake kubwa katika onyesho la jukwaani lililosafiri Ulaya. Onyesho likafa Paris, fedha zikakatika. Yeye akabaki na wanamuziki pamoja na wake na watoto wa baadhi yao, ugenini, hawana nauli. Wakakaa wakizunguka nchi hadi nchi kwa miezi, leo shoo huku, kesho kule, akikopa hapa kulipa pale, mpaka akarudi nyumbani na deni lililomchukua muda mrefu kulimaliza. Mtu aliyewahi kuamka asubuhi akijua kuna watu kadhaa wanaomtegemea yeye kwa chai na nauli huwa hafundishwi tena maana ya kuongoza bendi.

Deni lile ndilo lililomsukuma kuajiriwa na kampuni ya Mercury, ambako mwaka 1964 alifika ngazi ya makamu wa rais, cheo ambacho mtu mweusi hakuwa amewahi kukishika katika kampuni kubwa ya santuri inayomilikiwa na wazungu. Mwaka mmoja kabla, 1963, alikuwa amemrekodi msichana wa shule, Lesley Gore, katika "It's My Party". Aliposikia kwamba mtayarishaji mwenzake Phil Spector naye ameupata wimbo uleule na anataka kuurekodi na kundi lake, Quincy hakusubiri wiki ipite. Aliharakisha santuri za mwanzo zikatengenezwa na kupelekwa redioni, na wimbo ukapanda mpaka namba moja. Baadaye akawa na Frank Sinatra na Count Basie, akatunga muziki wa filamu, na mwaka 1974 mshipa ukapasuka kichwani mwake, akafanyiwa upasuaji mara mbili na kukatazwa kupuliza tarumbeta tena. Miaka michache baadaye, kwenye utengenezaji wa filamu ya *The Wiz*, akafahamiana kikazi na Michael Jackson.

Yaliyofuata kila mtu anayajua: *Off the Wall* mwaka 1979, *Thriller* mwishoni mwa 1982. Nitachukua jambo moja tu la *Thriller*. Walipoimaliza na kukaa kuisikiliza santuri ya majaribio, ilisikika vibaya. Nyimbo zilikuwa ndefu mno kwa kila upande wa santuri, mifereji ikabanana, sauti ikasinyaa. Kampuni ilikuwa inaingoja, tarehe ilikuwa imeshakaribia. Walipumzika siku chache, wakarudi, wakakata na kuchanganya upya wimbo mmoja mmoja. Albamu iliyouzwa kuliko zote duniani iliokolewa kwa mkasi. Mtayarishaji mwoga angeipeleka sokoni vilevile kwa kuwa jina la mwimbaji lingeibeba.

Mtu wa namna hii ndiye aliyepigiwa simu. Wazo la wimbo wa kuchangia lilianza kwa mwimbaji Harry Belafonte mwishoni mwa 1984, likashikwa na meneja Ken Kragen. Ulimwengu ulikuwa umeshtushwa na picha za kambi ya Korem, kaskazini mwa Ethiopia, zilizorushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984. Sauti ya taarifa ile ilikuwa ya Mwingereza, Michael Buerk. Aliyeshika kamera alikuwa Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam. Hili hatulisemi vya kutosha. Kabla Kiswahili hakijafika kwenye studio ile kama hoja, jicho la mtu wa Afrika Mashariki lilikuwa limeshafika. Bila picha zake usiku ule usingekuwepo.

Tatizo la Kragen lilikuwa la kawaida: utawapata wapi mastaa wote siku moja? Jibu likawa usiku wa tuzo za American Music Awards, tarehe 28 Januari, ambapo wengi wangekuwa Los Angeles. Lionel Richie alikuwa mshereheshaji wa tuzo hizo na alitwaa kadhaa. Wangetoka ukumbini, wangepanda magari, wangekuja studio. Usiku mmoja tu. Asubuhi kila mmoja angerudi kwenye ratiba yake na wasingekutana tena.

Maandalizi ndiyo sehemu ninayowasomesha wanakwaya wangu kila mara. Kila mwimbaji alitumiwa kanda yenye wimbo wa mfano, pamoja na barua ya Quincy. Kanda zilikuwa na namba. Barua iliwaomba wasimpe mtu nakala na warudi na kanda hiyo usiku wenyewe. Hapo amefanya mambo matatu kwa bahasha moja: watu wanafika wakiwa wanaujua wimbo, wimbo hauvuji, na kila mmoja anajihisi amekabidhiwa amana. Sakafuni na kwenye majukwaa zilibandikwa karatasi na tepu zenye majina, kila mtu na mahali pake pa kusimama. Wewe unaweza kuliona hilo ni jambo dogo, lakini mimi nimeona kwaya ikitumia nusu saa kugombea mstari wa mbele. Ukikuta jina lako limeshaandikwa pale chini, unasimama tu. Huna wa kumlaumu aliyekuzidi nafasi, kwa kuwa aliyepanga alipanga kabla hujafika na bila kukutazama usoni.

Na pale mlangoni palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, maarufu hadi leo, ikiwataka waingiao waache majivuno yao nje. Watu huikumbuka karatasi ile kana kwamba ndiyo iliyofanya kazi yote. Sidhani. Karatasi haimtulizi mtu yeyote. Ilifanya kazi kwa sababu aliyeiandika alikuwa na haki ya kuiandika: alikuwa amefanya kazi na wengi wao, alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wengi wao, na mwaka mmoja nyuma alikuwa ametoka kwenye jukwaa la Grammy na Michael Jackson wakiwa wamebeba tuzo mikono yote miwili. Ingebandikwa na kijana wa juzi, wangecheka.

Kilichonishangaza zaidi nilipokichunguza kisa hiki ni namna alivyopanga kurekodi sehemu za mmoja mmoja. Waimbaji 21 walikuwa na mistari ya kuimba peke yao. Desturi ya studio ni kumwingiza kila mmoja chumbani kivyake, aimbe, atoke. Quincy alikataa. Angefanya hivyo angekaa wiki nzima, na kila mmoja angeomba kurudia mara 15 akitafuta kuimba vizuri kuliko aliyemtangulia. Aliwasimamisha wote pamoja, nusu duara, maiki mbele yao, mmoja anapokea kwa mwenzake palepale huku wote wakisikia. Ukikosea, Ray Charles amekusikia. Ukirefusha madoido, Paul Simon anakungoja. Hakuna aliyethubutu kupoteza muda wa mwenzake. Lionel Richie anaanza, Stevie anapokea, kisha Paul Simon na Kenny Rogers, unakwenda hivyo mpaka kwa Tina Turner, mpaka kwa Michael na Diana Ross. Nao mpangilio wa nani anamfuata nani ulikuwa umefikiriwa: sauti nzito inapokelewa na nyembamba, ya country inapokelewa na ya soul, ili msikilizaji asichoke na ili kila sauti itambulike kwa sekunde chache ilizopewa. Kuna waliokuja na majina makubwa na hawakupata mstari hata mmoja. Walisimama nyuma wakaitikia. Smokey Robinson, mtunzi wa nyimbo zilizojenga kampuni ya santuri ya Motown, aliitikia. Harry Belafonte mwenyewe, mwenye wazo, aliitikia.

Prince hakuja. Mstari uliofikiriwa kuwa wake ulikwenda kwa Huey Lewis, ambaye wasiwasi wake unaonekana wazi kwenye picha za usiku ule. Prince alipendekeza apige gitaa akiwa chumba kingine peke yake, na ombi hilo halikukubaliwa. Ni uamuzi mgumu kumnyima nafasi mpiga gitaa wa kiwango kile. Lakini kama ungemruhusu mmoja awe na chumba chake, ile karatasi ya mlangoni ingebidi uibandue.

Sasa turudi kwenye Kiswahili.

Kwenye wimbo kulikuwa na pengo katika kiitikio, mahali ambapo Michael alikuwa ameweka maneno yasiyo na maana yoyote, mlio tu wa kufanana na lugha ya Kiafrika. Hapo ndipo mjadala ulipochipuka. Geldof alikuwa ameshaongea na waimbaji mwanzoni mwa usiku, akawaeleza aliyoyaona Ethiopia, na hakuna aliyetaka wimbo uonekane unawaigiza Waafrika. Stevie akaona basi yawekwe maneno yenye maana, ya Kiswahili.

Lazima nimtendee haki Stevie. Wazo lake halikuwa la mtu aliyeropoka. Kwa Wamarekani weusi wa umri wake Kiswahili kilikuwa kimeshakuwa lugha ya heshima, ya kurudia asili. Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, ilianzishwa mwaka 1966 na nguzo zake zote 7 zina majina ya Kiswahili, kuanzia umoja hadi imani. Mpiga piano Herbie Hancock alijiita Mwandishi na kutoa albamu yenye jina hilo mwaka 1971. Stevie mwenyewe alikuwa amekwisha kuimba Kizulu kwenye albamu yake ya 1976. Na mle ndani alikuwepo Belafonte, ambaye mwaka 1965 alitoa albamu na Miriam Makeba yenye "Malaika" ndani yake, nayo ikapata Grammy. Kwa hiyo Kiswahili hakikuingia mle kama mgeni asiyejulikana kabisa. Kilikuwa na ndugu chumbani.

Lakini Geldof alikuwa na haki. Mwenye njaa wa Korem anasema Kitigrinya au Kiamhari. Ukimwimbia kwa Kiswahili umemwambia kwamba hukumuuliza jina. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kuwa wa kwanza kulikubali hilo, hata kama moyo unauma kidogo, kwa kuwa tunajua inavyokera mtu anapodhani Afrika nzima ni kijiji kimoja chenye lugha moja.

Quincy alifanya nini katikati ya mvutano ule? Nimezitazama picha za usiku ule mara nyingi, nikitafuta pale alipopiga meza. Hakuna. Anasikiliza. Anaacha wajaribu. Wanaimba maneno yaliyopendekezwa, wanasikia wenyewe kwamba hayakai. Wanarudia yale ya Michael, wanasikia wenyewe kwamba hayana maana. Ray Charles anasema aliyoyasema, na hapa urafiki wa Seattle unafanya kazi: mtu pekee anayeweza kuwaambia mastaa wale kwamba wanapoteza muda, na wakanyamaza, ni mzee anayeheshimiwa na wote, aliyekuwa rafiki wa mtayarishaji tangu ujana. Mwisho yanapatikana maneno mepesi ya Kiingereza, kwamba dunia ni moja na watoto ni wetu, na kundi zima linayapenda. Dakika nyingi zimekwenda. Studio inagharimu, sauti zinakauka. Hata hivyo, kama angekata kwa amri dakika ya kwanza, angebaki na Stevie Wonder aliyenuna, na bila Stevie usiku ule usingefika mwisho.

Naweza kulisema hili kwa uhakika kutokana na kinachofuata alfajiri. Zamu ya Bob Dylan ilipofika, alikwama. Huyu ni mtu aliyeandika nyimbo zinazofundishwa vyuoni, naye amesimama mbele ya maiki, karatasi mkononi, sauti haitoki. Ananong'ona. Hajui aimbe vipi mstari ambao si wake, mbele ya watu wenye sauti kubwa kiasi kile. Quincy akawatoa watu waliokuwa wamejazana, akabaki na wachache. Stevie akakaa kwenye piano, akampigia mstari ule na kumwimbia kwa sauti ya Dylan mwenyewe, ile ya puani, ya kuburuza. Kwa kumwiga, alimkumbusha anavyoimba. Dylan akajaribu, akajaribu tena, na ghafla ikatoka, Dylan kamili. Hakuamini. Quincy alimfuata, akamkumbatia, akamhakikishia kwamba imetoka sawasawa. Uso wa Dylan ukafunguka tabasamu ambalo ukiliona hulisahau.

Stevie aliyekataliwa Kiswahili chake saa chache nyuma ndiye aliyemwokoa Dylan. Hakuwa amenuna.

Kuna jambo jingine dogo la alfajiri ile linalonigusa binafsi. Cyndi Lauper alipoimba mstari wake, fundi mitambo alisikia mlio wa ajabu kwenye maiki, kama watu wanachekacheka nyuma. Wakasimamisha, wakatafuta. Yalikuwa mapambo yake, mikufu na hereni nyingi zilizogongana kila alipotikisa kichwa. Akavua, wakaendelea. Nilipoliona hilo nilikumbuka kurekodi kwetu kwa mara ya kwanza. Tulikodi studio kwa saa sita, fedha za michango ya waumini, na saa moja na zaidi ilikwenda tukitafuta mlio uliokuwa unaingia kwenye sauti ya pili. Kijana wa mitambo alishaanza kuilaumu waya, akabadilisha maiki, akabadilisha waya tena. Zilikuwa bangili za mama mmoja mwenye sauti tamu kuliko wote, aliyekuwa akijipigia mapigo pajani. Tulipogundua, yule kijana alimfokea mbele ya watu. Mama alivua bangili, akaimba, lakini sauti yake haikuwa tena ile ya mwanzo, na haikurudi siku nzima. Wimbo ule ninao hadi leo na nikiusikiliza naijua sehemu aliyofokewa. Ndiyo maana nikitazama jinsi Lauper alivyosimamishwa, wakacheka pamoja naye, akavua na kuimba kwa nguvu zilezile, naona kazi ya mtayarishaji ambayo haiandikwi kwenye jalada lolote.

Stevie alikuwa amekuja na wanawake wawili wa Kiethiopia, nao usiku uleule waliwashukuru waimbaji kwa niaba ya watu wao. Kwa dakika zile chache chumba kilinyamaza. Quincy alipenda kusema kwamba studio lazima ibaki na nafasi ya Mungu kupita. Nadhani alikuwa akimaanisha nafasi kama hiyo, ambayo haiko kwenye ratiba na ambayo mtayarishaji mwenye pupa angeifunga.

Walimaliza jua likiwa limeshachomoza. Santuri ilitoka tarehe 7 Machi 1985, ikauzwa nakala zaidi ya milioni 20, na michango ya mradi mzima ikapita dola milioni 60. Mwaka uliofuata ikapata Grammy nne, ikiwemo ya rekodi ya mwaka.

Je, ni wimbo mzuri? Hapa nitasema bila kuzunguka: ni wimbo wa wastani uliotayarishwa kwa kiwango cha juu sana. Mashairi yake yanawahusu zaidi wanaotoa kuliko wanaopokea, na walioukosoa kwa hilo wana hoja. Njaa ya Ethiopia haikuwa ukame peke yake, ilikuwa pia vita na maamuzi ya serikali, na wimbo hauligusi hilo hata kwa mbali. Lakini ukisikiliza jinsi sauti 21 zinavyopokezana bila mshono kuonekana, na jinsi kiitikio kinavyopandishwa sauti juu zaidi pale ambapo masikio yangeanza kuchoka, unasikia mkono wa mtu aliyejua kwamba wimbo mwepesi unahitaji ufundi mwingi zaidi ili usimame. Wako watayarishaji wengi waliotengeneza sauti mpya kuliko yeye. Sijui wengi walioweza kuwasimamisha watu wale chumba kimoja, wakatoka wakiwa wanapendana. Diana Ross, wanavyosimulia waliokuwepo, alibaki nyuma wengine walipoondoka, akilia kwa kuwa hakutaka usiku ule uishe.

Quincy alifariki tarehe 3 Novemba 2024, akiwa na miaka 91 na Grammy 28.

Kiswahili nacho hakikukaa nje muda mrefu. Mwaka 1987, kwenye albamu ya *Bad*, Quincy na Michael waliweka wimbo wa mapenzi kwa msichana wa Liberia, "Liberian Girl". Unaanza kwa sauti ya mwanamke ikisema maneno ya Kiswahili. Sauti ni ya Letta Mbulu wa Afrika Kusini, ambaye Quincy alishafanya naye kazi kwenye muziki wa tamthilia ya televisheni ya *Roots* mwaka 1977, na maneno yalipangwa na mumewe, Caiphus Semenya. Liberia nako hawasemi Kiswahili, umbali wake na pwani yetu ni bara zima. Safari hii hakuna Geldof aliyesimama kuuliza, na wimbo wa mahaba hauna deni kwa mtu mwenye njaa, kwa hiyo sina ugomvi nao. Nilipousikia mara ya kwanza nikiwa kijana nilirudisha kanda nyuma mara nne kuhakikisha masikio yangu hayanidanganyi. Nakupenda pia, anasema. Nakutaka pia. Kisha anamalizia kwa neno "mpenziwe", na kwenye karatasi ya albamu limetafsiriwa kuwa mpenzi wangu. Mpenziwe ni mpenzi wake. Mtoto yeyote wa Tanga au Mombasa angewaambia, kama angekuwepo chumbani.